Fundo la Msoma Maji

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya binti yangu. Msimu huu anaanza kazi pale kituo cha pampu, nami baba yake nimeona nimwandikie yote niyajuayo, nisije nikazikwa nayo. Kuandika kwa pezi si mchezo. Kalamu inateleza, na karatasi inalowa kila nikiinama, maana pomboo akikauka ngozi hupasuka, kwa hiyo nashinda na taulo la maji shingoni.

Somo la kwanza, basi. Mvua zikianza, mto huleta kila kitu: matawi, magodoro, nyavu, mbuzi waliokufa. Vyote hukwama kwenye wavu wa chuma ulio mdomoni mwa bomba kubwa, na mji ukakosa maji. Hapo pampu huzimwa, mpiga mbizi akashuka kukata na kung'oa. Maji ni tope tupu, haoni hata mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana tupo sisi. Msoma maji hutangulia. Hubisha hodi kwa mlio wa paji la uso, mlio ukagonga vitu na kumrudia tayani, maana pomboo husikia kwa taya, naye akajua nini kiko wapi. Akipanda husema neno moja kati ya mawili: "Pana njia," au "Hapana njia." Akisema pana njia, humfunga mpiga mbizi kamba kiunoni kwa pezi lake mwenyewe. Anayesoma ndiye anayefunga. Hilo kwetu halina mjadala.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua bado. Tumepaka grisi winchi. Mshika kamba kaniuliza kama mwaka huu nitaoga.

Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na ni mtani wangu tangu tulipoajiriwa pamoja. Ananiita samaki. Kila mara namjibu kwamba samaki hanyonyi, na kwamba mimi nilinyonya kwa mama yangu nikashiba kuliko yeye, ndiyo maana nina adabu na yeye hana. Hajawahi kuchoka kuanza, nami sijawahi kuchoka kujibu.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Ngozi imefurahi.

Nimemshusha binti kwa mazoezi pembeni mwa ukuta. Amepanda anacheka. "Baba, kuna kijiko kwenye tope, karibu na ngazi. Mpini wake umepinda. Umekisikia?"

Nikasema nimekisikia. Sikukisikia. Nilisikia ukuta, tena kwa mbali, na huo ukuta naujua kwa kichwa.

Ijumaa, 13 Machi

Naona jambo hili niliandike hapa kwa kuwa popote pengine sitalisema. Taya la kushoto lilikufa zamani, miaka na miaka ya mlio wa pampu imelimaliza. Hilo halikunisumbua, la kulia lilitosha. Msimu huu la kulia nalo linazima. Nabisha hodi, na kinachorudi ni kama mtu anayezungumza chumba cha tatu mlango ukiwa umefungwa.

Mke wangu siku hizi amehamia upande wangu wa kulia mezani. Sikumuuliza kwa nini, naye hakusema.

Wavu ule naujua. Najua kila nondo, najua iliyopinda na iliyochomelewa upya. Naweza kuusoma kwa kumbukumbu, na pale penye shaka napapasa kwa pua. Msimu mmoja huu tu, binti akomae, kisha nitajistaafisha kwa heshima zangu.

Jumatano, 18 Machi

Somo kwa binti: leo sina.

Jumanne, 24 Machi

Tumesafisha mara mbili wiki hii. Nimesoma kwa pua. Nachelewa chini, napanda nikihema, mshika kamba ananiambia samaki amezeeka, anahitaji kuchemshwa. Wote wamecheka, mimi nimecheka kuliko wote.

Mpiga mbizi wetu tunamwita Msumari, kwa wembamba na kwa namna anavyoshuka wima bila kutapatapa. Kabla ya kuvaa barakoa hutia pipi ya mnanaa shavuni, na moja hunipa mimi, kila siku. Sipendi pipi, zinanikwama kooni. Miaka yote nazipokea na kuzitupia kwenye kabati langu la kazini, kwa sababu anayenipa ananipa kwa moyo. Leo nilipofunga fundo kiunoni mwake aliniambia, "Fundi, wewe ukinifunga mimi huwa sifikirii tena." Nikatamani aseme jambo jingine lolote.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua kubwa. Paa linavuja juu ya kitanda. Pomboo halali kichwa kizima, nusu hulala na nusu hukesha na jicho moja wazi. Zamani niliona ni neema. Sasa ile nusu iliyo macho ndiyo inayonisuta, na ikichoka inaikabidhi zamu nusu ya pili.

Ijumaa, 3 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa.

Mto ulifurika tangu juzi. Asubuhi wavu ulikuwa umeziba, mji hauna maji, na msimamizi wetu alikuwa amesimama ukingoni na mwavuli wake, simu haimtoki sikioni. Huyu mama si mbaya. Anapigiwa kelele na walio juu yake, naye hazileti zote kwetu. Aliniambia, "Fundi, tafadhali, leo haraka kidogo."

Nikashuka. Nikabisha hodi. Hakikurudi kitu, ila mngurumo wa maji yenyewe. Nikaanza kupapasa upande wa kushoto: tawi, nyavu, gunia, tawi. Nilikuwa nimefika katikati pumzi ikaanza kunibana. Upande wa kulia sikuufika. Nilijiambia kwamba kulia huwa hapakwami kitu, mkondo hukisukuma kushoto, miaka yote imekuwa hivyo. Ningeweza kupanda, kuvuta pumzi na kushuka tena. Lakini kushuka mara mbili ni kutangaza. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ananitazama.

Nikapanda. Nikasema, "Pana njia."

Nikamfunga Msumari kamba. Akanipa pipi. Akashuka.

Kulia palikuwa na gogo, gogo zima na mizizi yake, limekaa wima limeegemea wavu, limezuiwa na zile nyavu tu. Msumari alipozikata, likamwangukia. Likamlaza mguu kwenye zege, na kamba ikapita chini yake. Mshika kamba akahisi mivuto mitatu, ambayo maana yake ni nitoeni. Akavuta. Kamba ilikuwa nzito, akavuta zaidi, na kila alipovuta gogo lilizidi kukaa juu ya mguu wa mwenzetu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kujitupa majini. Nilikwenda huku na huku kama kuku, nikigonga pua kwenye nondo, nikitafuta mtu niliyepaswa kujua alipo kuliko nijuavyo mlango wa nyumba yangu. Kitu kikanipita ubavuni kwa kasi. Alikuwa binti yangu. Hakuwa na ruhusa ya kushuka. Alikwenda moja kwa moja, akatia pua chini ya gogo akalinyanyua, mimi nikamfuata yeye kwa kugusa mkia wake, tukasukuma pamoja. Msumari akatoka. Barakoa ilikuwa imemtoka, amekunywa maji, mguu umevunjika pawili, lakini alikuwa akikohoa, na anayekohoa anapumua.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, binti alinikaribia. Aliongea taratibu, upande wangu wa kulia. "Baba, lile gogo lilikuwa kama ukuta. Nililisikia nikiwa kwenye ngazi, ncha ya taya tu ndani ya maji. Nikasema labda ni mimi mgeni, nimekosea, kwa kuwa wewe umesema pana njia."

Akaenda kujipangusa.

Jumatatu, 6 Aprili

Kikao ofisini. Mashine ya chai ilikuwa inachemka kona, hakuna aliyeizima.

Msimamizi akamuuliza mshika kamba kwa nini alivuta kamba nzito, ilhali kanuni inasema kamba nzito haivutwi mpaka msoma maji ashuke aangalie. Mshika kamba akatazama viganja vyake, vimechunika vyote. Akasema, "Mama, nilihisi mivuto mitatu. Mwenzangu anataka kutoka. Ningefanyaje?"

"Na hilo gogo lilitoka wapi?"

Hapo mshika kamba akanigeukia. Sitasahau alivyonigeukia, hakuwa na shaka hata chembe. "Huyu alisoma, na huyu akisoma amesoma. Mimi nadhani gogo lilikuja baada ya yeye kupanda. Au vipi, samaki?"

Wote wakanitazama. Binti alikuwa amesimama mlangoni.

Nikasema, "Labda."

Ndilo neno nililosema. Nimeliandika ili nilione. Msimamizi akaandika lake, akasema basi kosa ni la kamba, na mshika kamba akasimamishwa kazi mpaka wakubwa waamue. Alitoka akanipiga bega, akaniambia nisihuzunike, kazi ni kazi.

Jumanne, 7 Aprili

Naona aibu.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimekwenda hospitali. Mguu wa Msumari umening'inizwa kwa uzani na nyaya, vyuma vinatoka kwenye ngozi. Alifurahi kuniona kiasi kwamba nilitaka kurudi nilikotoka. Akamsimulia kila mtu wodini kwamba fundo langu ndilo lililomwokoa, kwamba lingekuwa la mwingine lingefunguka na mkondo ungemzoa. Muuguzi akanipa mkono. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akataka kunipa mkono.

Akafungua droo, akatoa pipi, akanipa. Nikaila pale pale mbele yake. Sijawahi kula kitu kichungu namna ile.

Jumapili, 12 Aprili

Mke wa mshika kamba ameleta sahani zetu tulizowaazima. Ameomba radhi kwamba wamekaa nazo muda mrefu. Mume wake, anasema, anaamka asubuhi anavaa buti, anakaa nazo mlangoni, anazivua.

Ukuta wetu ni mwembamba. Zamani nilikuwa nasikia anavyokoroma. Sasa sisikii, na sijui kama ni yeye asiyelala au ni mimi.

Jumanne, 14 Aprili

Mke wangu amesema leo, tukiwa tunapanga vyombo. Hakupandisha sauti.

"Nimekungoja useme mwenyewe. Mtoto naye anakungoja. Wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umepata bahati ya ajabu, ugonjwa wako unataka kuumbuka kwa kifo cha mwenzako."

Nikamwambia hajafa mtu.

"Mtu anakaa mlangoni na buti," akasema. "Unataka afe vipi?"

Nilikasirika. Nilimwambia mambo ya kazi haelewi, nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kama mjinga. Naona nyumba nzima ilikuwa inajua, nami peke yangu ndiye niliyekuwa najificha, nyuma ya kidole.

Ijumaa, 17 Aprili

Binti hajaniuliza chochote. Ananiamkia, ananipa chai, anabeba begi langu. Heshima yote ipo, haijapungua hata kidogo. Ningepewa tusi ningeshukuru.

Jumatatu, 20 Aprili

Wavu umeziba tena, tangu jana mji hauna maji. Wameazima mpiga mbizi kutoka kituo cha juu, mtu mzima mkimya aliyekuja na chupa yake ya chai. Na mshika kamba mpya, simjui.

Msimamizi akaamua binti asome, na mimi nisome nyuma yake, kwa kuwa ni mara yake ya kwanza na neno la mkubwa ndilo la mwisho. Akashuka. Hakukaa. Akapanda akasema, "Hapana njia."

Msimamizi akafumba macho kidogo. "Una hakika, mwanangu? Hospitali hawana maji. Nimepigiwa na kila mtu leo."

"Kuna kitu kirefu kinacheza nyuma ya magodoro. Chuma, nafikiri. Hakijatulia. Hapana njia, mama."

"Fundi," msimamizi akaniambia, "hebu shuka wewe."

Nikashuka. Nitasema ukweli, nilishuka nikiwa na matumaini. Nikabisha hodi kwa nguvu zangu zote, mpaka paji likauma. Nikabisha tena. Ilikuwa ni kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nilikaa pale kwenye giza na kwa mara ya kwanza sikupapasa. Nilijua kwamba nikipanda kila mtu atanitazama, na kwamba mpiga mbizi yule mkimya atainua mikono nimfunge kamba kama Msumari alivyoiinua.

Nikapanda. Msimamizi akauliza, "Eehe?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini? Pana njia au hapana?"

"Sijui kwa sababu sisikii. Mataya yote mawili yamekufa. Nimekuwa nikisoma kwa kupapasa tangu mvua zianze. Siku ile ya Msumari upande wa kulia sikuusoma kabisa. Gogo halikuja baadaye, lilikuwepo. Mshika kamba alivuta kwa sababu mimi nilisema pana njia. Kosa ni langu tangu mwanzo."

Mvua ilikuwa inagonga mwavuli wa msimamizi. Mpiga mbizi yule akafungua zipu ya suti yake, taratibu, akaenda kuchukua chupa yake ya chai.

Sikuthubutu kumtazama binti yangu. Nililiona tu pezi lake, likishika ngazi kwa nguvu.

Mchana mkondo ulipopungua walileta kreni. Wakatoa godoro moja, mawili, kisha boriti ya chuma ndefu kupita gari, sijui daraja gani limeipoteza.

Jumanne, 21 Aprili

Nilikwenda kwa mshika kamba kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa mlangoni, na buti. Nikamwambia yote nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza akainuka.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Asante kwa kuja."

Tuko rika moja. Hajawahi kuniamkia maishani mwake. Akaingia ndani akarudishia mlango, bila kuubamiza.

Alhamisi, 23 Aprili

Hospitali. Msumari alisikiliza akiwa ameangalia dari. Nikamaliza. Akasema, "Ukitoka nirudishie pazia." Nikarudisha pazia.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimesafisha kabati langu la kazini. Pipi zilikuwa zimejaa kwenye kopo, zingine zimeyeyuka na kushikana na karatasi zake. Nilidhani nitazitupa.

Nimerudi nazo nyumbani.

Alhamisi, 30 Aprili

Wakubwa wamekaa. Mshika kamba amerudishwa kazini. Mimi nisisome maji tena, hilo halikuhitaji kikao. Msimamizi alikuwa ameshika karatasi ya kuniachisha kazi, akaniambia kwamba mshika kamba amemwomba jambo: kamba inahitaji watu wawili, wa mbele na wa nyuma, na kama ni lazima apewe mtu, apewe mimi.

"Alisema kwa nini?" nikauliza.

"Alisema wewe sasa utaogopa. Anataka mtu anayeogopa."

Jumatatu, 4 Mei

Nashika kamba nyuma. Yeye mbele. Ananiamkia kila asubuhi, shikamoo mzee, naam mzee, sogea kidogo mzee. Anaangalia kando anaponiambia. Namwitikia marahaba, na kila marahaba inanichoma. Ningetoa pezi moja aniulize kama nimeoga.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua zinapungua. Msumari ametoka hospitali, anatembea kwa magongo. Hakuja kituoni. Alimtumia binti yangu pipi moja kupitia kwa mtu. Binti alinionyesha, akaitia shavuni, akashuka kazini.

Jumatano, 13 Mei

Leo huenda ndiyo mara ya mwisho kwa msimu. Maji yameanza kuwa na rangi ya chai badala ya rangi ya udongo. Binti alishuka, akapanda, akasema, "Hapana njia." Msimamizi akasaga meno akapiga simu. Tukangoja. Binti akashuka mara ya pili, mbele ya watu wote, bila aibu yoyote, kisha mara ya tatu. Mara ya tatu ndipo aliposema, "Pana njia," akamfunga mpiga mbizi kamba, akalijaribu fundo, akalifungua, akalifunga upya.

Mshika kamba alikuwa anamtazama. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi, kamba imelala kati yetu.

"Mwanao anajua kushuka tena," akasema. "Kajifunza kwa nani?"

Nilifikiri. Nilitaka sana kupata jibu zuri.

"Si kwangu," nikasema.

Akatema mate pembeni, akaipima kamba mkononi, akanirushia ncha ya nyuma.

"Najua, samaki," akasema. "Shika."

Nikashika. Wala sikumjibu kwamba samaki hanyonyi.